Wifi, cherehani na elfu arobaini: kisa cha ukarimu kutoka Kimara

Kisa hiki kilifika kwetu wazee wa kanisa kikiitwa ugomvi wa mawifi. Ugomvi haukuwepo. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyepaza sauti ndani ya nyumba ile, na huo ukimya ndio uliowatisha majirani wakaja kutuambia. Nakiandika kwa ruhusa ya wenyewe, majina nimeyaacha na vitu vidogo vya kuwatambulisha nimevibadili, maana nyumba za namna ile Dar es Salaam ni nyingi na mafundisho tunayozipa yamelala upande mmoja: tunawahimiza watu wafungue milango, kisha tunakwenda zetu bila kuuliza nani anafua mashuka.

Wahusika ni watatu. Mume ni mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Anaondoka alfajiri, anarudi saa mbili usiku. Mke ni fundi cherehani, na kiwanda chake ni sebule yao ya kupanga huko Kimara: vyumba viwili na sebule kwenye nyumba ya wapangaji wengi, choo cha kushirikiana, bomba la uani linalotoa maji likijisikia. Wana watoto wawili. Wa tatu ni dada mkubwa wa mume, mkulima wa Iramba mkoani Singida, aliyekuja na karatasi ya rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, baada ya kugundulika ana saratani ya shingo ya kizazi.

Aliyewahi kuuguza ndugu wa Ocean Road anajua maana yake. Mionzi ya ugonjwa huo hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kawaida wiki tano hivi, na kabla yake kuna vipimo na kusubiri zamu. Mgonjwa anayeweza kutembea mara nyingi halazwi. Anakwenda na kurudi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya matibabu ya watu wa mikoani inabebwa na sebule za ndugu zao mjini, na hakuna fomu inayoihesabu. Wifi alikuwa anapanda mwendokasi Kimara mpaka Kivukoni, akifika anachukua bajaji ya kumsogeza hospitali. Mchana anarudi hivyo hivyo, mara nyingi amesimama, tumbo linamwendesha kama linavyowaendesha wengi wanaopigwa mionzi ya nyonga, na choo cha nyumbani kina mpangaji ndani.

Kabla ya kusema lililotokea, kuna la zamani. Ndoa hii ilikaa miaka minne bila mtoto. Kwenye kikao kimoja cha familia, mbele ya mama mkwe, wifi alisema mdogo wake anafuga ng'ombe asiyezaa. Watoto walikuja baadaye, wote wawili, lakini neno lile halikuondolewa na mtu. Mke alilimeza. Wifi naye hakulisahau, ingawa hilo hatukulijua mpaka mwishoni.

Simu ya rufaa ilipoingia, mume alijibu papo hapo: "Njoo dada, hapa ni kwako, usiwe na wasiwasi wa kitu chochote." Akakata, ndipo akamwambia mkewe. Nataka nimtendee haki huyu mama: hakununa. Alikwenda mwenyewe stendi ya Magufuli pale Mbezi saa nne usiku, akambebea wifi begi, akamchemshia maji ya kuoga, kesho yake akachinja kuku. Wifi mwenyewe alituambia hakutegemea kupokewa vile.

Nitaingiza neno langu hapa kidogo. Katika Mwanzo 18 Ibrahimu anawaona wageni watatu, anawakaribisha, halafu anaingia hemani kwa haraka kumwambia Sara akande vipimo vitatu vya unga. Kwenye mafundisho ya wanandoa akina mama hucheka wakifika hapo, na wana sababu: mwanamume amekaribisha, unga unakandwa na mwingine. Ila hadithi haikomi hapo. Ibrahimu mwenyewe, ambaye sura inayotangulia inasema ana miaka 99, anakimbia kundini kuchagua ndama, na wageni wakila yeye anasimama karibu nao chini ya mti. Mume wa kisa chetu alikomea kwenye kukaribisha. Si mtu mbaya. Alikuwa anarudi amechoka, anamsalimu dada, anamwuliza "umeshindaje", anakula, analala. Kanisani watu walimpongeza kwa moyo wake wa kuuguza.

Sasa sebule. Chumba cha watoto ni chembamba, kwa hiyo mgeni alitandikiwa godoro sebuleni, hatua tatu kutoka kwenye cherehani. Cherehani ile ni ya kukanyaga kwa miguu, kelele yake inasikika mpaka chumba cha jirani. Ilikuwa inaingia Desemba, na kila fundi wa sare za shule anajua Desemba ni nini: oda za mwezi ule ndizo zinazolipa kodi ya miezi inayofuata. Miaka mingine mama huyu hushona mpaka saa sita usiku. Safari hii alikuwa anafunika mashine saa mbili, kwa sababu saa tatu mgonjwa amelala. Hakuna aliyemwomba afunike. Aliona tu mtu anajikunja kwa maumivu, akafunika. Kufikia katikati ya mwezi alikuwa amerudisha oda za watu kadhaa, na mume akadhani wateja wamepungua mwaka huu.

Kwangu mimi hicho ndicho kitendo kikubwa zaidi cha upendo katika kisa chote, na hakuna aliyekiona, hata aliyetendewa.

Siku moja fundi alikwenda Manzese kununua vitambaa. Nyuma akaja mteja, akamkuta wifi, akamwachia kianzio cha sare za watoto wake: Sh 40,000. Wifi hakusema. Mteja aliporudi baada ya siku kadhaa kuuliza kama kazi imeanza, fundi akafungua daftari lake la vipimo, lile wanaloandika urefu, kiuno, bega na kiasi kilicholipwa, akamwonyesha kwamba jina lake halimo. "Nilimwachia yule dada anayeumwa," mteja akasema. Wifi alikuwa amelala pale pale sebuleni, amegeukia ukutani.

Mama akamjibu mteja, "Aa, kweli, nimekumbuka, nilisahau kuandika." Akachukua vipimo upya, akanunua kitambaa kwa fedha ya kula, akashona. Kwa wifi hakusema neno. Kwa mume hakusema neno. Kwenye jumuiya ya kanisa ya Jumamosi alipoulizwa mbona amepungua, alijibu, "Nimemwachia Mungu," kwa sauti ya mtu aliyefungua kesi na kukabidhi vielelezo.

Na nyumba ikabadilika. Chakula cha mgeni kikaanza kuwekwa kwenye hotpoti mezani, watu wengine wakila jikoni. Feni ikazimwa mchana kwa sababu ya uniti za umeme wa LUKU. "Umeamkaje wifi" ikafupishwa ikawa "za asubuhi". Watoto, ambao walikuwa wanamzunguka shangazi yao kumwomba hadithi, wakaitwa ndani kila wakimsogelea. Wifi naye akampigia simu mama yake, bomba la uani likimsikiliza pamoja na wapangaji wote, kwamba anakula dagaa kila siku na analala chini kama mjakazi. Hiyo simu, pamoja na ule ukimya, ndiyo majirani waliyotuletea sisi.

Kwenye jumuiya ushauri ulikuwa umeshatolewa wa aina mbili. Wengi walimwambia mama avumilie, Bwana alisema saba mara sabini. Wachache walisema atafutiwe chumba cha kupanga karibu na hospitali, kila mtu apumue. Wa pili nawaelewa, ila fedha ya chumba ilikuwa haipo, na mgonjwa wa namna ile hawezi kukaa peke yake. Wa kwanza ndio ninaogombana nao.

"Saba mara sabini" imo Mathayo 18, mstari wa 22. Ukisoma sura hiyo hiyo kuanzia mstari wa 15 unakutana na hili: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Luka 17:3 imeviweka pamoja kabisa, kuonya na kusamehe, katika mstari mmoja. Sisi tunaruka la kwanza kwa sababu linatia haya, hasa kwa mgeni, na zaidi kwa mgonjwa. Mama wa Kimara aliruka la kwanza akidhani amefika kwenye la pili. Hakuwa amefika. Alikuwa amelipa deni kutoka mfukoni mwake, kisha akaanza kulidai kwa feni na hotpoti. Petro alipoandika tukaribishane "pasipo kunung'unika" (1 Petro 4:9) alikuwa anawajua wenyeji. Manung'uniko hayahitaji mdomo, sahani inatosha kuyasema.

Nilikwenda na mzee mwenzangu, mama mmoja mstaafu wa ualimu. Njiani tulitofautiana. Yeye aliona suala la fedha lisiguswe: mtu yumo kwenye mionzi, utamwambiaje habari ya elfu arobaini? Nilimwambia mgonjwa tayari anaijua hiyo elfu arobaini kuliko sisi, analala nayo. Hakukubali moja kwa moja, lakini alikubali tumwachie mama mwenyeji aamue. Tulikwenda Jumapili jioni ili mume awepo. Watoto walipelekwa kwa jirani.

Nilisoma waraka kwa Filemoni, wote. Ni mistari 25, dakika tatu zinatosha. Niliuchagua kwa sababu ndani yake kuna mtu anayetakiwa apokewe nyumbani na kuna hasara ambayo haijasemwa ni kiasi gani. Paulo anamrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni na kuandika: "mpokee huyu kama mimi mwenyewe." Mahubiri mengi huishia hapo. Lakini mstari unaofuata anasema kama Onesimo amemdhulumu au anadaiwa kitu, kiandikwe juu yake Paulo, na ule wa 19 anaongeza kwamba ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "mimi nitalipa." Hakusema hakuna deni. Hakumwambia Filemoni ajifanye hajaona. Alitaja deni, akataja mlipaji. Na kabla hajamaliza, mstari wa 22, anaomba yeye mwenyewe awekewe tayari mahali pa kukaa, yaani atakuja kulala kwenye nyumba ile ile.

Nilipofunga Biblia, kimya. Kisha mama akaingia chumbani akatoka na daftari la vipimo. Akalifungua ukurasa wa yule mteja na kusema taratibu, "Wifi, hii fedha najua uliichukua. Sikukuuliza kwa sababu niliogopa nitasema na mengine."

Wifi alilia. Halafu, kama inavyotokea kwa watu wengi, kilio kikageuka hasira: "Mbona hukuniuliza siku ile ile? Umeniacha nakula chakula chako kila siku najua unajua!" Baada ya muda akaeleza. Bajaji za kutoka Kivukoni. Dawa ya kuzuia kuharisha. Elfu kumi na tano alimtumia bintiye kijijini. Mwalimu mstaafu akamwuliza kwa nini asiombe. Jibu lake nalikumbuka lilivyo: "Kaka alisema nisiwe na wasiwasi wa kitu chochote, akaenda kazini. Sasa nauli ningemwomba nani? Wifi? Baada ya yale niliyomsema mbele ya mama?"

Hapo ndipo kisa kilipofunguka kwangu. Tulikuwa tumekuja tukidhani kuna makosa mawili, la zamani na la sasa, na kwamba mama mwenye nyumba anatakiwa asamehe yote mawili. Kumbe la sasa lilizaliwa na la zamani. Mtu aliyemtukana mwenyeji wake hawezi kumwomba nauli. Ataogopa hata kuomba maji ya moto. Tunafundisha msamaha kama dawa ya moyo wa aliyekosewa, na ni kweli, lakini ndani ya nyumba yenye mgeni una kazi nyingine ya kawaida kabisa: unampa mgeni uwezo wa kusema "nina shida". Kuku alichinjwa, godoro lilitandikwa, maji yalichemshwa, na bado wifi hakuwa amekaribishwa kiasi cha kuweza kuomba. Na asingeweza kukaribishwa hivyo na mtu aliyekuwa akitabasamu juu ya jambo lisilosemwa.

Mume wakati wote huu alikuwa anatazama sakafu. Nilimwuliza kama alijua cherehani inafunikwa saa mbili. Hakujua. Nilimwuliza dada yake anafikaje hospitali. Alidhani mkewe anampa nauli. Mke alidhani yeye ndiye anampa. Ile "usiwe na wasiwasi wa kitu chochote" ilikuwa hundi isiyo na akaunti, na wanawake wawili waligawana kuilipa: mmoja kwa oda alizorudisha, mwingine kwa aibu. Nilimpa kalamu. Akaandika kwenye daftari la mkewe, chini ya jina la mteja: 40,000, nitalipa mimi. Hakuandika kwa furaha. Alilipa kwa mafungu mawili, mwisho wa mwezi ule na uliofuata.

Mengine yaliyopangwa ni madogo na nayapitia haraka. Mgeni alihamia chumba cha watoto, watoto wakaja kwenye godoro la sebuleni, ambao cherehani haiwaamshi hata ikikanyagwa masikioni mwao. Mume akawa anampa dada yake nauli ya wiki nzima mkononi kila Jumapili. Jumuiya ilichukua zamu ya kumsindikiza hospitali siku mbili kwa wiki, na zamu ilishikwa vizuri mpaka Krismasi, baada ya hapo ikalegea. Mteja hakuambiwa chochote, hayamhusu.

Kuna jambo la muda pia. Wifi hakujua anatakiwa kukaa mpaka lini, na mwenyeji aliona haya kuuliza. Tukapanga wazi: mpaka siku saba baada ya mionzi ya mwisho, daktari akiruhusu. Mwalimu mstaafu aliona kumtajia mgonjwa tarehe ni kumfukuza kwa adabu. Simwelewi vibaya, lakini Wakristo wa kwanza hawakuliona hivyo. Didake, maandishi ya kanisa la zamani sana, yanasema msafiri asaidiwe kadiri inavyowezekana, akae siku mbili au tatu kama kuna haja, na anayetaka kuhamia na ana ufundi, afanye kazi ale. Bibi zetu hawakuisoma, na walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgonjwa wa mionzi hapewi jembe, lakini tarehe inamfaa. Wifi ndiye aliyeonekana kupumua zaidi ilipotajwa. Siku iliyofuata alianza kuwachambulia watoto mchele, kazi ambayo alikuwa hathubutu kuigusa jikoni kwa mwenzake.

Baadhi watauliza kama kila aliyekosa lazima alale kwako. Hapana. Mgeni mlevi anayepiga watu, au anayewashika watoto vibaya, anaweza kusamehewa akiwa amelala kwingine, na polisi wamepewa taarifa. Kisa hiki hakikuwa cha namna hiyo na nisingependa mtu akitumie kumrudisha mtu wa namna hiyo chumba cha watoto.

Lile la ng'ombe asiyezaa halikuombewa radhi siku ile. Wifi alilitaja, kama nilivyosema, lakini kulitaja ndani ya utetezi si kuomba radhi, na mama mwenye nyumba aliliona hilo vizuri. Alituambia wakati anatusindikiza getini: "Fedha imekwisha, mzee. Hilo lingine bado. Ila nauli sasa anaomba." Mwenzangu alitaka turudi siku nyingine tulimalize. Nilikataa. Kumkamua mtu aliye kwenye matibabu neno la toba, ili sisi tuandike kwenye kumbukumbu kwamba shauri limefungwa, ingekuwa kwa faida ya baraza la wazee.

Mionzi ilikwisha mwanzoni mwa Januari. Fundi alishona usiku na mchana, akapata sehemu ya oda alizozikosa, zingine zilikuwa zimeshakwenda kwa mafundi wengine na kodi ya Februari ilichelewa. Wifi alirudi Iramba kwa basi la asubuhi, na amepangiwa kuja kliniki ya uangalizi. Tarehe ilipokaribia aliwapigia simu. Safari hii mume hakumjibu papo hapo, alisema, "Dada, subiri niongee na mama watoto, nitakupigia." Mama alikubali, kwa sharti kwamba nauli za hospitali ziwekwe mezani kabla mgeni hajapanda basi, na kwamba atalala chumba cha watoto tangu siku ya kwanza. Nauli zimewekwa. Anafika Jumatano.